Neno "aggregate": jinsi ya kulielewa na kulitumia bila kuchemka

Wadau, mi nafundisha kingereza cha jioni na hili neno kila msimu wa klabu bingwa linaniletea kesi, mtu kamsikia mtangazaji anasema "agrigeti" basi anajua maana yake ni kushinda. Haya, chukua kalamu.

Hatua ya kwanza anza na mpira. Mwaka 1979 Simba walipigwa 4-0 hapahapa Dar na Mufulira Wanderers ya Zambia, wakaenda kule kwao wakawatandika 5-0. Andika mechi moja juu nyingine chini halafu jumlisha, Simba 0 na 5, Mufulira 4 na 0, inakuja 5-4. Hiyo ndo aggregate. Kwenye sentensi: Simba won 5-4 on aggregate. Hiyo "on" iangalie vizuri, ukiweka "with" ushaharibu.

Hatua ya pili, itenganishe na "total". Total ni jumla yoyote ile, ila aggregate ni jumla ya vitu vilivyokuwa kila kimoja kivyake. Kwa Mangi umenunua mchele na mafuta unauliza total, ukimwambia aggregate atakuangalia mara mbili. Neno lenyewe limetoka kilatini, grex, yaani kundi la mifugo, kwa hiyo we mfikirie mtu anaswaga mbuzi waliotawanyika mpaka wote wako zizini.

Tatu matamshi. Likiwa nomino mwisho unasema "git", likiwa kitenzi, kama "to aggregate data", unasema "geit". Na G za mwanzo ni mbili, wengi wanaandika moja.

Nne, usidhani aggregate kubwa ndo nzuri. Uganda mtihani wa darasa la saba una masomo manne, kila somo alama zinaanzia 1 mpaka 9 na 1 ndo bora, kwa hiyo aliyepata aggregate 4 ndo kafunga kazi na mwenye 36 hali mbaya. Binamu yangu wa Kampala alipost mwanae kapata 4, mi nikamtumia meseji ya pole eti atajipanga mwakani. Alikaa wiki hajanijibu.

Mwisho, ukijenga ukakuta kwenye makadirio ya fundi imeandikwa "coarse aggregate" hizo ni kokoto, na "fine aggregate" ni mchanga. Hapo weka kalamu chini, ita tipa.