Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya msiba bila kuonyesha maiti

Filamu yangu ya kwanza kuhusu kifo ilijaa vilio. Waigizaji walilia tangu shoti ya kwanza, na hakuna mtazamaji aliyedondosha hata chozi. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kimoja alichoacha marehemu

Kiwe kitu kinachoendelea kufanya kazi utadhani mwenyewe yupo. Chukua mfano wa simu. Baba amefariki, lakini kila siku saa mbili usiku simu yake inalia kumkumbusha dawa. Hakuna anayejua namba ya siri. Wanaweza kuinyamazisha, ila kesho italia tena. Kijana anataka iachwe izime yenyewe. Mama, bila kusema neno, anaichomeka kwenye chaji.

Hapo pana familia nzima: anayetaka yaishe na asiyekubali yaishe. Mazishi huyahitaji.

Hatua ya 2: Andika, kisha futa

Kurasa tano hadi saba zinatosha. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Ukimaliza, futa kila sentensi inayotaja huzuni. "Nimemkumbuka sana baba" ifute. "Umekula?" iache. Waliofiwa huzungumza habari za funguo, bili na nani alale wapi, na uchungu unapita humo humo.

Hatua ya 3: Zungumza na waigizaji kabla ya kamera

Muulize kila mmoja, faraghani, kama amefiwa karibuni. Kubalianeni neno moja ambalo likitamkwa kazi inasimama papo hapo. Usimchokonoe mtu jeraha lake ili upate machozi. Mpe kazi ya mikono: akunje shati, atafute waya wa chaji. Tukio zito lirudiwe mara mbili au tatu tu, kisha apumzike.

Hatua ya 4: Giza lipangwe

Wengi hupunguza mwanga wa kamera mpaka picha inajaa chengachenga. Fanya kinyume: weka taa moja ubavuni mwa mwigizaji, uso upate mwanga wa kutosha, kuta ziachwe zififie. Upande wa pili tundika kitambaa cheusi kinyonye mwanga unaorudi. Umeme wa hapo ukiwa wa hezi 50, piga fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, taa zisipepese.

Hatua ya 5: Rekodi ukimya

Zima friji na feni. Funguo za gari ziweke ndani ya friji, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Kisha wote wanyamaze, urekodi chumba kwa dakika nzima. Kila chumba kina ukimya wake, na filamu ya msiba imejengwa juu ya huo. Ukikata sauti kabisa, mtazamaji atadhani spika imeharibika.

Hatua ya 6: Hariri bila muziki

Maliza toleo la kwanza likiwa kavu. Tukio lisilosimama bila muziki linarudi mezani. Mama akiinama kuchomeka simu, usikimbilie uso wake. Baki kwenye vidole vinavyokosa tundu mara ya kwanza. Kata kabla hajalia. Picha ikishakuwa nyeusi, acha sauti ya chumba iendelee sekunde nne, ndipo majina yapite.