Kabla ya Simiti, Kubalianeni Zamu: Ushauri kwa Wakulima wa Mifereji ya Nyando

Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imejaza mto, hakuna anayegombania maji. Ngojeni Januari. Mto Nyando umekonda, majaruba ya mpunga ya wenye mashamba ya juu bado yanang'aa, na ya chini yamepasuka nyufa za kuingia kidole. Hapo ndipo mtajua kama kikundi chenu kina mkataba au kina mazoea tu.

Kosa ninalolikuta mara nyingi huku Nyanda za Kano, magharibi mwa Kenya, ni kukimbilia pesa za kujengea mfereji kabla watu hawajakubaliana nani afungue maji lini. Mfereji wa simiti usio na zamu huwafikishia maji wa juu kwa haraka zaidi, na wa chini hubaki na kiu yao.

Anzeni kwa kupima. Chagueni kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10, mpime upana wake na kina cha maji. Kisha tupeni chungwa majini na mhesabu sekunde linazochukua kufika mwisho. Tuseme upana ni mita 1, kina sentimita 30, na chungwa limetumia sekunde 20: kasi ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo punguzeni kwa kuzidisha na 0.8. Mtapata kama lita 120 kwa sekunde. Kujaza ekari moja kina cha sentimita 5 huhitaji karibu lita 200,000, yaani dakika 28 za mfereji mzima, mbali na yanayonywewa na udongo. Sasa mna dakika za kugawana, na kila mtu anaweza kuzihesabu kwa saa ya simu yake.

Rudieni kipimo hicho mita 500 mbele, milango yote ya katikati ikiwa imefungwa. Mkikuta lita 80, thuluthi nzima imepotea njiani. Tembeeni ukingoni polepole mtafute: mashimo ya panya, mlango uliooza, pale ng'ombe wanapovukia na kubomoa kingo. Mara nyingi uvujaji mkubwa uko sehemu chache. Hizo ndizo za kujengea kwanza, wala si mfereji wote.

Kwenye mkataba, kaeni sana na suala la kiangazi. Pakeni rangi alama kwenye jiwe la mlango mkuu. Maji yakishuka chini yake, zamu ya kiangazi inaanza siku hiyohiyo bila mkutano wa dharura, na inaanzia mwisho wa mfereji kupanda juu. Mpunga unaochanua upewe nafasi mbele ya ule ambao haujafika hapo, kwa sababu ukame wakati wa kuchanua huacha mapepe, yaani punje tupu.

Zamu za usiku nazo zizunguke. Mama mmoja mjane alinionyesha tochi aliyoifunga kwa kamba ya mpira. "Mwanangu," akaniambia, "maji yangu ni ya saa nane usiku kila wiki. Nikifika, nakuta wameshayakata huko juu." Hakuna aliyekuwa amemwonea kwa makusudi, orodha iliandikwa mara moja na haikubadilishwa tena. Wanawake wawe kwenye kamati wakati orodha inaandikwa, wasiletewe kuisikiliza tu.

Kumbukeni pia kwamba mto haukuishia kwenu. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani kuliko shughuli nyingine yoyote, na kuchepusha mto kwa unyunyizaji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kaeni na chama cha watumiaji maji cha mto wenu, muwasikilize wanaochota chini yenu.

Pesa sasa. Anayetoa fedha atataka kuona mchango wenu kwanza, hivyo ada ya kila ekari kwa msimu ianze kukusanywa mapema, ilipwe kwa simu, na daftari lisomwe mbele ya wanachama wote. Nendeni na vipimo vyenu vya lita, ramani ya sehemu zinazovuja na mkataba uliotiwa sahihi. Kwa kaunti, angalieni kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kikundi kinachobisha hodi Mei kimechelewa. Ombi lenu liwe limefika Julai, na mhudhurie vikao vya maoni ya wananchi mkiwa wengi.

Msimlipe mkandarasi zote kwa mpigo. Niliwahi kusimama na wakulima kando ya mfereji uliopasuka kabla ya msimu wa pili, na fundi alikuwa ameshalipwa hadi shilingi ya mwisho. Iliniuma sana. Andikeni kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi maji yapite msimu mmoja.

Ujenzi upangwe baada ya mavuno, kabla ya vitalu vya miche. Simiti ikishawekwa, ifunikwe kwa magunia na imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa angalau siku 7, ndipo mlango mkuu ufunguliwe, kidogo kidogo.