SOMO: Pima mikono kwanza ndo uchague staili ya ngumi

Wakuu habari za jioni. Huku Kigoma kila dogo akivaa glovu tu anataka kuwa Tyson, hata yule mwenye mikono ya kuchuma embe bila kupanda mti, na mfupi naye utamkuta kasimama kule mbali anarusha jebu (ngumi nyoofu ya mkono wa mbele) zinazoishia hewani. Sicheki mtu, mi mwenyewe nilikuwa hivyo. Kimo changu sm 180 nikajiona mrefu, nikaingia ulingoni nikacheza kwa mbali, ngumi zangu hazifiki za mpinzani zinafika, raundi 4 nimekula makonde mpaka mdomo ukavimba, wiki nzima dagaa naziangalia tu maana chumvi inachoma. Baadaye ndo nikapima mikono ikiwa imenyooshwa pande zote, sm 175. Kumbe mi mfupi niliyevaa kimo cha mrefu!

1. Pima. Simama mgongo ukutani, nyoosha mikono pande zote usawa wa mabega, mtu aweke alama ya penseli kwenye ncha za vidole vya kati, we utoke, halafu mpime alama kwa alama kwa futi ya fundi cherehani. Linganisha na kimo. Wengi vinakaribiana. Bondia Lennox Lewis alikuwa na kimo sm 196 na mikono 213, bondia mwenzake wa zamani Rocky Marciano yeye kimo kama 179 na mikono 173 tu, na alistaafu 1956 kacheza 49 kashinda zote 49.

2. Mikono ikizidi kimo, nyumba yako ni mbali. Jebu iwe ndo salamu, ndo mlinzi, ndo kila kitu, na ukishapiga usibaki pale pale, toka pembeni. Ugonjwa wenu warefu ni kurudisha mkono polepole, tena unarudi chini kiunoni, na mbavu zinabaki wazi. Mtu akishaingia ndani, yaani karibu na kifua chako, usishindane naye kwa huki (ngumi ya kuzungusha kiwiko kikiwa kimekunjwa), mkono mrefu ukikunjwa unakosa nafasi, we mkumbatie mpinzani, refa awaachanishe muanze upya.

3. Mikono mifupi, hapa tukae kidogo maana ndo wengi wetu. Kiwiko chako kikikunjwa huki inapita njia fupi, ndani ya kifua cha mtu inafika kabla yake. Shida ni kuingia. Usiingie wima na usiingie kwa mstari mnyoofu, kichwa kitoke kwenye mstari, subiri jebu yake, ipite juu ya bega, mguu uingie pamoja na kichwa, anza na mbavu ndo upande juu. Na akikimbia usimfuate nyuma kama kuku anafuata mahindi, piga hatua za pembeni umzibie njia mpaka kamba zimguse mgongo. Tyson mikono ilikuwa sm 180 tu, 1986 akawa bingwa wa uzito wa juu ana miaka 20, kwa kichwa kisichotulia na miguu minene. Februari 1990 kule Tokyo kichwa kikatulia, Buster Douglas mwenye mikono 211 akamjaza jebu, raundi ya 10 akamlaza.

4. Ndugu zangu wa mwaloni Kibirizi, kuvuta nyavu kunawapa mgongo na mabega, sawa, ila mnapiga kama mnavuta kamba, mzito mzito. Kabla ya begi la kupigia ngumi pigeni hewani raundi 3 mikono ikiwa imelegea, ngumi ikazwe pale inapogusa tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Ujiji: Kaka, nikining'inia kwenye bomba kila siku mikono itarefuka?
Jibu: Mfupa haurefuki bwana. Ila ukizungusha nyonga na bega vizuri kwenye jebu unapata sentimita kadhaa za bure, na bega linaficha kidevu. Wengi wanapiga kwa mkono peke yake.

Mdau wa Kasulu: Mkuu mbona bondia Thomas Hearns alikuwa na mikono 198 na mwenzake Marvin Hagler akamla raundi ya 3?
Jibu: Ile ya Aprili 1985. Hagler hakumpa nafasi ya kupima umbali, aliingia toka kengele ya kwanza, na Hearns naye akakubali kusimama kubadilishana makonde. Tena mikono ya Hagler 191, si mifupi ile.

Mama wa Buzebazeba: Mwanangu ana miaka 14, kocha wake anamlazimisha kucheza ndani kwa sababu ni mfupi. Ni sawa?
Jibu: Shikamoo mama. Si sawa, huyo bado anakua, mwakani anaweza kuruka sm 8. Mwambie kocha kwa upole kwa sasa amfundishe vyote, jebu, miguu na kujikinga, staili itakuja yenyewe. Na sparingi (mazoezi ya kupigana) ya nguvu na wakubwa akatae kabisa.

Mdau wa Mwanga: Mi natumia shoto na mikono mifupi, nimekwisha?
Jibu: Hujakwisha, una bahati. Ukikutana na mpinzani anayetumia kulia, weka mguu wako wa mbele nje ya mguu wake wa mbele, mkono wako wa nyuma unapata njia nyoofu na wake unakukosa. Jumamosi njoo na glovu tufanye kwa vitendo, na uje umekula mapema, juzi kuna mtu alitapika migebuka.