Jinsi ya kumwandika mlezi mwongo katika hadithi ya kijasusi

Msomaji wa Kiswahili akifungua hadithi ya kijasusi na kumkuta mlezi, yaani mzee mwenye busara anayemfunda kijana kazi, ameshamshuku tayari. Amekua akiambiwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo usijichoshe kumficha msaliti kwa kumpaka upole kupita kiasi, wala kwa kumpa mtu mwingine sura ya ubaya ili macho yahamie huko. Kwenye swali la "nani" msomaji atakuwahi. Mbane kwenye maswali mawili mengine: ameanza lini, na katika lipi. Ajue mapema kwamba mzee anaficha jambo, ila ashindwe kutambua ni somo lipi lilikuwa somo kweli na lipi lilikuwa chambo.

Hapa ndipo hadithi nyingi huharibika, kwa sababu mwandishi humfanya mlezi adanganye katika kila kitu. Kijana aliyefundishwa uongo mtupu angenaswa siku yake ya kwanza kazini, na hadithi ingeishia hapo. Masomo ya mlezi lazima yawe ya kweli na yafanye kazi mbele ya macho ya msomaji. Uongo wake ukae katika sababu ya kuyafundisha.

Daftari la uongo

Kabla ya sura ya kwanza, chora safu tano kwenye daftari: siku yenyewe; alichosema mlezi; ukweli wake; kwa nini alidanganya siku hiyo na si ya jana yake; na nani mwingine anaujua ukweli huo. Kwa riwaya ya maneno 50,000 hadi 60,000, yaani sura kama 20, maneno saba ya uongo yanatosha: moja la mzizi, na sita ya kulilinda. Yakifika kumi na mawili utaanza kuandika sura nzima za kukumbushana nani alimwambia nani nini.

Safu ya nne ndiyo huwashinda wengi. "Kwa sababu ni mtu mbaya" si jibu. Jibu linalofaa ni kama hili: siku hiyo kijana wako, tuseme ni binti, aliuliza kuhusu faili la mwaka juzi, mlango ulikuwa wazi, na mzee alikuwa na muda wa kumeza funda moja la chai tu kabla ya kujibu. Uongo wa haraka namna hiyo huacha mshono. Mzee atataja mwezi usio sahihi, au atamtaja mtu ambaye wakati huo alikuwa likizo. Andika mshono huo kwenye daftari, maana ndio dalili utakayoivuna sura kumi mbele.

Kama unatoa hadithi sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, daftari hili huwezi kulikwepa. Mwandishi wa kitabu anaweza kurudi sura ya tatu akapachika dalili aliyoisahau. Wewe sehemu yako ya tatu ikishasomwa, imekutoka. Usirushe sehemu ya kwanza kabla hujaandika theluthi ya hadithi na kuzipangia dalili zote za uongo wa mzizi sehemu zitakapokaa.

Mfanyie kijana kile anachofundishwa

Kazi ya kumnasa mtu ina hatua zinazojulikana: kumtambua, kumpima, kumlea, kumsajili, kumwendesha, na mwisho kumwacha au kumkabidhi kwa mwingine. Vinavyomnasa pia vinajulikana: fedha, itikadi, siri ya kumwaibisha, na kupenda kusifiwa. Mpango mzuri wa hadithi hii ni kwamba mlezi anamfundisha kijana hatua hizo kama kazi ya kuwafanyia wengine, na wakati huohuo anamfanyia yeye.

Kwa hiyo panga masomo yaendane na mahali kijana alipo. Katika sura ya tano mlezi anaeleza kwamba mlengwa haombwi jambo kubwa kwanza. Anaombwa kitu kidogo kisicho na madhara, mathalani orodha ya simu za ofisini, ili mkono uzoee kutoa. Katika sura ya pili mlezi huyohuyo alimtuma kijana posta akamchukulie bahasha. Usiirudie bahasha hiyo kwa maelezo. Aliye makini ataikumbuka pale pale na mwili utamsisimka. Wengine wataikuta mwishoni.

Ukitaka kijana aamini anaitumikia idara yake kumbe anawatumikia wengine, unahitaji kizuizi kinachomzuia asiulize. Kizuizi hicho kipo katika kazi yenyewe: kila mtu hujua kile tu kinachomhusu. Lakini itambulishe kanuni hiyo mapema, mahali inapomsaidia kijana au kumwokoa rafiki yake. Ikitokea kwa mara ya kwanza pale mlezi anapoihitaji, itanuka hila.

Somo moja, kazi tatu

Kila somo kubwa la mlezi lifanye kazi mara tatu: linafundishwa, linamwokoa kijana, kisha linamgeukia aliyelifundisha. Masomo matatu ya namna hii yanatosha kubeba riwaya nzima. Tazama moja kwa karibu, kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Aliyepita sasa hivi kavaa nini?"

"Shati la bluu. Kofia nyeusi."

"Kofia inavuliwa. Shati linabadilishwa kichochoroni. Miguuni je?"

Binti akanyamaza.

"Hakuna anayetembea na jozi ya pili mfukoni." Mzee akamega kashata, akamsogezea kipande. "Hesabu viatu."

Somo hili ni la kweli: anayekufuata hubadili vazi la juu upesi, viatu mara chache. Sura ya tisa, ndani ya pantoni ya Kigamboni, binti anaziona raba nyeupe zenye doa la rangi ya mafuta alizoziona kituo cha daladala asubuhi, safari hii chini ya kanzu. Anashuka na umati, anapona, na msomaji anampenda mzee zaidi. Sura ya kumi na saba binti amejibanza stoo, anasikia sauti mbili za kunong'ona, nyuso hazioni. Chini ya pazia kuna makubazi yaliyoshonwa upya kwa uzi wa rangi mbili.

Uzi huo usizaliwe sura ya kumi na sita. Uonekane mara mbili kabla, na mara zote mbili uwe na kazi nyingine. Mara ya kwanza mzee yuko kwa fundi viatu, peku, analalamika kwamba uzi wa kahawia umeisha na fundi kamalizia kwa mweusi. Msomaji anaona mtu wa kawaida mwenye pensheni ndogo. Mara ya pili upite katikati ya sentensi inayozungumzia jambo jingine. Usiuweke mwisho wa aya, maana hapo ndipo jicho hupumzika na kila kilichopo hukumbukwa. Kati ya dalili ya mwisho na matumizi yake acha sura tano hivi. Zikiwa mbili, msomaji amekushika. Zikiwa kumi na mbili, amesahau na ataona umemwonea.

Tumia lugha yako

Kiswahili kinakupa kitu ambacho waandishi wa lugha nyingine hukihangaikia: kiambishi a- hakitaji mume wala mke. "Aliingia, akakaa, akaomba maji" inaweza kuwa yeyote. Unaweza kuwa na msaliti asiyejulikana jinsia kwa sura kumi bila kulazimisha sentensi hata moja. Vinavyofichua ni maneno mengine: bwana, dada, shangazi, na hasa kuoa na kuolewa. "Aliolewa Tanga" imeshamaliza siri yako. Pitia sura hizo na utafute maneno hayo peke yake. Andika "ana familia Tanga".

Salamu nazo ni hazina. Binti akimwamkia mzee shikamoo katika kila mkutano, kuanzia kijiweni hadi hospitali, siku atakayofika akasema "habari" tu, mzee ataelewa kwamba amejulikana, na msomaji ataelewa vilevile. Hakuna haja ya makabiliano ya kurasa nne. Ila salamu zile za mwanzo lazima uziandike kwa uaminifu, angalau sita, hata pale zinapoonekana kuchelewesha mazungumzo, la sivyo kukosekana kwa moja hakutasikika. Na upande wa mzee, "mwanangu" igeuke "binti" siku anapoanza kumwogopa.

Kwa mtu anayejifanya wa mahali fulani, tafuta neno dogo la kila siku. Anayedai kakulia Unguja halafu akasema "shule" badala ya "skuli" anapojisahau, au anayejifanya mtu wa Dar akaita daladala "matatu", amejifichua mwenyewe. Saa ni mtego mzuri zaidi. Ujumbe wa "saa 2" kwa aliyefundishwa nje ni mchana jua likiwa kali. Kwa mtu wetu ni asubuhi au usiku giza limeingia. Tofauti hiyo ya saa sita inaweza kumfanya mtu afike mahali patupu, au afike kabla ya aliyepaswa kumkuta.

Ujanja wa jaribio

Tukio la "kumbe lilikuwa jaribio tu" ni la kawaida sana katika hadithi hizi: kijana anatekwa, anahojiwa usiku kucha, kisha taa zinawashwa na mlezi anampigia makofi. Linaruhusiwa mara moja, na liishe kabla ya theluthi ya kwanza. Faida yake inakuja baadaye, kwa sababu tangu hapo kijana hana tena hakika kama hatari iliyo mbele yake ni ya kweli, na mlezi anaweza kuitumia shaka hiyo: "Tulia, ni mtihani." Ukifanya jaribio la pili na la tatu, msomaji ataacha kuogopa chochote. Tukio la pili la hatari liache hasara isiyorudishika: rafiki azikwe, au binti apoteze kazi ya kweli mbele ya mama yake.

Chota kwenye visa vilivyotokea

Mwezi Januari 2001 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walimpangia Robert Hanssen, afisa wao waliyemshuku kuwauzia Warusi siri, ofisi mpya makao makuu na kumpa msaidizi kijana, Eric O'Neill. Kumbe msaidizi ndiye aliyetumwa kumchunguza bosi wake. Hanssen alitolewa ofisini akaenda kwenye chumba cha kulengea shabaha, kijana akakichukua kifaa chake cha Palm, kompyuta ndogo ya mkononi, kutoka kwenye mkoba ili kinakiliwe. Aliporudi kukirudisha, hakukumbuka alikitoa mfuko upi wa mkoba huo. Kwa mwandishi, mifuko ile ya mkoba ina thamani kuliko kufukuzana kwa magari. Hanssen alikamatwa tarehe 18 Februari mwaka huohuo, baada ya kuacha furushi chini ya daraja la miguu katika bustani ya Foxstone, Virginia. Kisa hiki kinakuonyesha pia mpango uliogeuzwa: aliye chini ndiye anayedanganya, na bado anajifunza kwa anayemdanganya.

Kwa mwisho wa hadithi, soma habari za James Angleton wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini London, mmoja wa waliomfundisha kazi ya kuwasaka majasusi wa adui alikuwa afisa ujasusi wa Kiingereza, Kim Philby. Kati ya 1949 na 1951 Philby alikuwa Washington, na wawili hao walikula chakula cha mchana pamoja mara kwa mara. Philby alikuwa akiwatumikia Wasovieti tangu 1934. Alipotoroka Beirut Januari 1963, Angleton alibaki akimshuku kila mtu, akawasaka wasaliti ndani ya idara yake na kuharibu kazi za wasio na hatia, hadi alipoondolewa Desemba 1974. Kwa hiyo usimalizie hadithi mlezi anapokamatwa. Acha sura mbili baada yake. Binti naye sasa ana mwanafunzi. Andika jinsi anavyomtazama viatu.

Na usiiache mashine ifichue siri. Aldrich Ames wa CIA, aliyeanza kuwauzia Wasovieti siri 1985, alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo mara mbili, 1986 na 1991, akapita zote. Msomaji akiona waya na sindano ndivyo vilivyomkamata mlezi, ataona masomo yote aliyosoma pamoja na binti yamepotea bure.

Kabla ya kutoa

Soma mistari ya mlezi peke yake, ukianzia sura ya mwisho kurudi ya kwanza. Kila mstari uwe na maana mbili: aliyoisikia kijana, na aliyoikusudia mzee. Wenye maana moja tu ubadilishe au ukate. Hotuba ya kuungama ambayo mlezi anaeleza mpango wake wote usiku wa mwisho, ikate hata kama umeipenda. Mpe sentensi tatu, na moja kati ya hizo iwe uongo bado.

Halafu wape wasomaji watatu sura kumi na mbili za kwanza. Waulize kila mmoja, kwa maandishi, mlezi alianza lini kudanganya. Wote wakitaja sura moja, dalili yako imejitokeza mno, ichimbie. Wakitaja sura tatu tofauti, endelea. Wakisema hajadanganya kabisa, rudi kwa fundi viatu.