Kabla hujabeba mchele kwenda kituo cha watoto

Wana Mwanza, ukitaka kusaidia kituo cha watoto, piga simu kwanza umuulize mlezi wamepungukiwa nini. Sikukuu zikifika wote tunapeleka mchele, sukari na soda, halafu mwezi unaofuata umeme unakatika na hakuna anayejua.

Mimi napenda kulipia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Omba namba ya mita, nunua kwenye simu, kisha mtumie mlezi zile tarakimu 20 azibonyeze mwenyewe. Hela haipiti mkononi mwa mtu, na hata wewe uliye Dar au Geita unaweza. Kabla hujalipa angalia jina linalotokea, maana ukikosea namba umemchangia jirani! Bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, nayo inalipika hivyo hivyo kwa namba ya malipo.

Kama lazima upeleke chakula, pitia soko la samaki la Mwaloni Kirumba uchukue dagaa wakavu kwa jumla. Wanakaa, na watoto wanapata protini. Nguo sawa, ila zifue kwanza jamani.

Mfuko umekauka? Changia damu. Uwe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema. Mwanaume anaweza kurudia kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kunywa chai nzito asubuhi, usiende na njaa.

Na fundi umeme, nusu siku yako ya Jumamosi pale kituoni inaweza kuzidi gunia langu la mchele.