Jinsi ya Kufuatilia Maisha na Familia ya Mkulima Aliyekuwa Afisa wa Mgambo, Marekani ya Karne ya 19

Anayechunguza maisha ya mkulima wa Marekani aliyekuwa pia afisa wa mgambo huvutwa kwanza na cheo, ilhali cheo ndicho chenye machache ya kusema. Sheria ya mwaka 1792 iliagiza wanaume weupe huru wenye umri wa miaka 18 hadi 45 waandikishwe mgambo, na katika majimbo mengi wanakikosi walimchagua kapteni wao kwa kura kabla ya gavana kumthibitisha. Hivyo mtu aliweza kuitwa Kapteni mpaka kaburini bila kuona vita. Itafute hati ya uteuzi wake katika hifadhi ya nyaraka za jimbo, kisha urudi shambani.

Soma sensa kwa kurudi nyuma. Ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, na ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu huru. Katika zilizotangulia, mke na watoto ni tarakimu tu kwenye safu za umri. Ikiwa aliishi Kusini, usiyapite majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860, ambayo humtaja mmiliki na kwa kawaida huwaacha watumwa bila majina.

Hazina yenyewe, kwa maoni yangu, imo katika mahakama ya kaunti. Mume alipouza ardhi, mara nyingi mke aliulizwa faraghani, mumewe asiwepo, kama anaridhia kuachia haki yake ya ujane, yaani sehemu ya ardhi ambayo angeipata kama mjane, na jibu likaandikwa pamoja na jina lake. Ndiyo maana mke huweza kupatikana hapo hata pasipo cheti cha ndoa. Faili la mirathi huwa na orodha ya mali iliyothaminiwa kitu kwa kitu, plau na maksai, vitanda na vyungu, na pengine upanga wa afisa.

Kama mkulima huyo alitumikia katika Vita vya 1812, kati ya Marekani na Uingereza, omba jalada lake katika Hifadhi ya Taifa, Washington. Sheria ya 1855 ilitoa ekari 160 kwa aliyetumikia angalau siku 14, na mjane aliyedai haki hiyo alilazimika kuthibitisha ndoa yake.

Ukikosa chochote, angalia kaunti iliundwa mwaka gani, kwa kuwa kaunti zilimegwa mara kwa mara na nyaraka za zamani kwa kawaida zilibaki katika kaunti mama.