Jinsi ya kuchora mti wa ukoo wa okapi kwa DNA

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa biolojia hapa Bukavu wanaoandaa TFC (kazi ya mwisho wa masomo) na wana kompyuta ya kawaida tu. Mfano wetu ni okapi, mnyama wa msitu wa Ituri. Mwaka 1901, kutokana na vipande vya ngozi yenye milia, mwanazoolojia Sclater alimwita Equus johnstoni, yaani jamaa wa punda milia. Fuvu lilipochunguzwa, mwaka uleule, mwenzake Lankester alimtoa huko na kumsogeza kwa twiga.

Hatua ya 1. Kutoka GenBank, hazina ya DNA mtandaoni, pakua CYTB, jeni ya mitokondria, ya okapi, twiga, ng'ombe, mbuzi, punda milia, punda, tembo na pimbi. Kila moja ina herufi 1140 hivi. Ziweke katika faili moja la FASTA, yaani maandishi ya kawaida yenye jina la kila mnyama (Tembo, Pimbi na kadhalika) na herufi zake.

Hatua ya 2. Zipange kwa programu ya MAFFT ili herufi zinazolingana zikae safu moja, kisha zikague kwa macho ndani ya AliView na uzihifadhi kama okapi_mafft.fasta.

Hatua ya 3. Chagua mzizi, yaani wanyama wa nje ambao mti utaanzia kwao. Hapa usikimbie. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alimaliza jioni nzima akishangilia mti wake, kumbe mzizi alioweka ni punda milia peke yake. Ukifanya hivyo umeshaamua kwamba punda milia yuko nje ya wengine wote. Mti hauwezi tena kukujibu kama okapi ni ndugu yake. Mzizi lazima uwe nje ya pande zote mbili za ubishi. Ndiyo maana nachukua tembo. Lakini tembo yuko mbali, na jeni hii hubadilika haraka. Tawi refu lililo peke yake huvuta matawi mengine marefu, yakaonekana ndugu bila kuwa ndugu. Pimbi, ambaye ni wa upande wa tembo, analikata tawi hilo. Punda naye yupo kwa sababu hiyohiyo: asimwache punda milia peke yake.

Hatua ya 4. Andika:

iqtree2 -s okapi_mafft.fasta -m MFP -B 1000 -o Tembo,Pimbi

Amri hii inaiambia programu ya IQ-TREE ichore mti, na -B 1000 inapima uthabiti wa kila tawi kwa kurudia mara 1000. Mimi napendelea IQ-TREE kuliko programu za kubofyabofya, kwa sababu amri iliyoandikwa mwenzako anaweza kuirudia neno kwa neno.

Hatua ya 5. Fungua faili la .treefile, ambalo IQ-TREE imeliandika, kwa FigTree, programu ya kuonyesha miti. Tawi lenye alama ya uthabiti ya 95 au zaidi kwa mia liamini. Chini ya hapo, usilijengee hoja. Na kwa kuwa CYTB hurithiwa kwa mama tu, linganisha na mifupa: okapi na twiga wana chonge za chini zenye ncha mbili, na pembe zilizofunikwa ngozi. Milia usiihesabu.